Tovuti ya ufugaji nyuki haionekani Google hata nikiandika jina lake lote. Nianzie wapi?

NyukiSikonge

Wakuu, heshima kwenu.

Nina tovuti ya ufugaji nyuki. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wanaohitaji maarifa haya ni wafugaji wenzangu wa huku Sikonge, Urambo, Kaliua na kwingineko, na vitabu vingi vya nyuki viko kwa Kiingereza. Nimeandika jinsi ya kutundika mizinga kwenye miombo, kwa nini mzinga wa gome unamaliza miti, jinsi ya kuzuia siafu na nyegere, namna ya kuchuja asali bila kuiunguza, namna ya kuyeyusha nta. Zote nimeandika mwenyewe na picha nimepiga mwenyewe.

Zamani nilikuwa kwenye blogu ya bure na watu walikuwa wananipata, mpaka simu za kutoka Singida na Katavi zikawa zinaingia. Mwaka huu nikanunua domeini yangu, yaani anwani yangu mwenyewe ya tovuti, fundi akanitengenezea tovuti mpya kwa WordPress, ile programu ya kujengea tovuti, na kuhamishia makala zote huko. Inapendeza kweli. Lakini ukiandika jina la tovuti kwenye Google, huioni. Unaletewa ukurasa wangu wa Facebook na ile blogu ya zamani, basi.

Fundi anasema nisubiri, eti Google ina foleni. Nimesubiri miezi. Mwingine ananiambia nimlipe laki tatu aniwekee "maneno muhimu" na linki mia tano. Laki tatu kwangu ni mizinga ya mbao, sitaki kuitoa kabla sijaelewa ninanunua nini.

Naomba kueleweshwa. Google inajuaje kwamba tovuti ipo? Kuna malipo ya kuingia? Na je, Kiswahili ndicho kinachoniangusha?

Mjasiri_Kkoo

Mkuu hilo jambo dogo. Jaza maneno muhimu kwenye meta, ile sehemu ya msimbo wa ukurasa ambayo msomaji haioni: nyuki, asali, asali mbichi, bei ya asali, rudia hata mara hamsini. Halafu tafuta mtu akuuzie linki. Duka langu la simu nilifanya hivyo hivyo.

FundiSeva_Arusha

Ndugu NyukiSikonge, laki tatu yako ibaki mfukoni kwanza. Kuingia kwenye matokeo ya kawaida ya Google hakulipiwi, na hakuna mtu mwenye nafasi hizo za kuuza, hata Google wenyewe. Wanachouza ni matangazo, na hayo yanakuja yameandikwa kabisa kwamba yamelipiwa.

Kazi yangu ni seva, na maswali kama lako nayapata mara kwa mara. Watu huchanganya mambo matatu yaliyo mbalimbali: kutembelewa, kuhifadhiwa na kupangwa. Ukiwa umekwama kwenye la kwanza au la pili, lolote utakalofanya kwenye la tatu ni bure. Huyo wa linki mia tano anakuuzia la tatu wakati hajakuuliza hata kama umevuka la kwanza. Hapo ndipo roho inaponiuma, kwa sababu wanaolipa ni watu kama wewe, wenye kitu cha maana cha kusema.

Nianze na kutembelewa. Google ina programu inayoitwa Googlebot. Inafungua ukurasa kama kivinjari chako kinavyoufungua, inasoma kilichomo, inachukua kila linki iliyomo na kuiingiza kwenye orodha ya anwani za kwenda kufunguliwa baadaye. Kwa hiyo tovuti mpya inajulikana kwa njia mbili kuu: roboti imekuta linki yake mahali fulani, au mwenye tovuti amewapelekea Google ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya anwani zake. Faili moja linabeba hadi anwani 50,000, wewe hata robo ya robo hufiki. Kama blogu yako ya zamani ina linki hata moja inayoelekea kwenye domeini mpya, basi nina hakika karibu kamili kwamba Googlebot ilishafika kwako. Habari ya foleni ya miezi mimi siikubali.

Ikifika, kabla ya kugusa kitu inatafuta faili la robots.txt. Huo ni utaratibu wa zamani, Martijn Koster aliupendekeza mwaka 1994 wakati roboti zilikuwa zinazielemea seva za watu, na Septemba 2022 ukawekwa rasmi kama kiwango cha intaneti kwa jina la RFC 9309. Ukikuta humo `User-agent: *` na chini yake `Disallow: /`, ujue roboti zote zimeambiwa zisifungue ukurasa wowote.

Kuna amri ya pili, na hii ndiyo ninayoishuku kwako. Inaitwa noindex na inakaa ndani ya ukurasa wenyewe. Haimzuii mtu kuingia. Inaiambia roboti: soma ukitaka, lakini usiuhifadhi ukurasa huu. WordPress ina kisanduku kidogo kwenye Settings, upande wa Reading, chini kabisa, kinachoziomba injini za kutafuta zisiiorodheshe tovuti. Mafundi hukitia tiki wakati tovuti inajengwa, na ni busara, maana hutaki kurasa zenye maandishi ya majaribio ziingie Google. Siku ya kukabidhi kazi, tiki inasahaulika.

Sasa fanya hivi. Kwenye Google andika `site:` ufuatishe domeini yako bila kuacha nafasi, uone kama kunakuja ukurasa wowote. Halafu fungua ukurasa wako wa mwanzo kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na U, yatatokea maandishi mengi ya msimbo. Bonyeza Ctrl na F, tafuta neno robots. Ukikuta mstari huu:

`<meta name='robots' content='noindex, nofollow' />`

basi umepata jibu lako. Pia ongeza `/wp-sitemap.xml` mwishoni mwa domeini yako uone kama ramani inafunguka. Kile kisanduku kikiwa na tiki, WordPress huificha na ramani pia. Mwisho fungua `/robots.txt` kwa njia hiyo hiyo. Rudi utuambie ulichokiona.

Mjasiri_Kkoo, kuhusu hayo maneno ya meta, Google walitangaza Septemba 2009 kwamba hawayatumii kabisa katika kupanga matokeo. Hata akiyarudia mara elfu. Suala la linki za kununua nitalifikia.

NyukiSikonge

Mkuu FundiSeva, Mungu akubariki. `site:` haileti kitu. Ule mstari upo, herufi kwa herufi kama ulivyouandika. Ramani ya tovuti inasema ukurasa haupatikani. Kwenye robots.txt nimekuta `Disallow: /wp-admin/` na mstari mwingine wa `Allow`. Hii wp-admin nayo ni tatizo?

Nimeenda Settings, nimekiona kisanduku. Kina tiki. Miezi yote hiyo naambiwa nisubiri!

FundiSeva_Arusha

Hiyo wp-admin iache, ni mlango wa nyuma wa tovuti, hakuna sababu ya roboti kuingia huko. Ndivyo WordPress inavyokuja.

Toa tiki, hifadhi. Kama una plagini, yaani programu ndogo ya kuongezea WordPress, ya kuharakisha tovuti, futa nakala ilizotunza, maana inaweza kuendelea kutoa ukurasa wa zamani wenye noindex hata baada ya wewe kubadilisha. Rudia Ctrl na U uhakikishe mstari umetoweka. Wengi huishia kwenye tiki na hawarudi kuangalia.

Kisha jiunge na Search Console. Ni ya bure, ni ya Google wenyewe, na ni lazima uwe nayo kwa jina lako, isiwe kwenye akaunti ya fundi. Watakutaka uthibitishe kwamba domeini ni yako kwa kuweka rekodi moja ya TXT, yaani mstari mfupi wa maandishi watakaokupa, kwenye mipangilio ya domeini mahali ulipoinunulia. Ukishaingia, peleka ile anwani ya ramani. Juu kabisa kuna kisanduku cha kukagua anwani moja moja: weka anwani ya makala, itakuambia roboti ilifika lini mara ya mwisho, ilifika ikiwa kama simu au kompyuta, na kama ukurasa umehifadhiwa au la, na kwa sababu gani. Badala ya kuuliza watu "Google inanionaje", unaisoma kutoka kwa Google wenyewe.

Na jambo moja la seva ambalo watu wa huku kwetu linawakuta: Googlebot inatembea zaidi kwa anwani za intaneti za Marekani. Kampuni nyingine za hostingi, yaani zinazokuwekea tovuti kwenye seva zao, za bei nafuu huwasha ulinzi unaozuia wageni wa nje ya nchi ili kupunguza mashambulizi, na bila kujua wanaizuia Google pia. Search Console ikikuambia seva haikujibu au imekataa, waandikie watu wa hostingi uwaulize hilo kwanza.

NyukiSikonge

Wakuu nimerudi na taarifa. Tiki nilitoa siku ile ile. Ukurasa wa mwanzo umeingia, nikiandika jina la tovuti natokea wa kwanza. Makala ya siafu imeingia na ya mzinga wa gome pia.

Ila nyingi bado. Search Console inazigawa mafungu. Fungu moja linasema kurasa zimepitiwa ila kwa sasa hazijahifadhiwa, na nikifungua nakuta nyingi ni kurasa za lebo, zile za "asali mbichi", "asali nzuri", "asali ya Tabora", kila moja ina makala moja au mbili. Fungu la pili ndilo linaloniumiza: linasema ni nakala, na kwamba Google imechagua anwani nyingine kuwa ndiyo ya asili. Nikikagua anwani iliyochaguliwa nakuta ni blogu yangu ya zamani! Makala ya nyegere, niliyoihangaikia kuliko zote, iko huko.

MamaMahamri

Kaka NyukiSikonge, salamu kutoka Mombasa. Mimi nina tovuti ya mapishi ya Pwani, kwa hiyo hilo fungu la kwanza nalijua vizuri.

Kupitiwa si ahadi ya kuhifadhiwa. Google wanasema wazi kwamba hawahifadhi kila wanachokisoma. Mtu akiingia ukurasa wako wa lebo ya "asali nzuri" atapata nini ambacho hakipati kwenye makala yenyewe? Hakuna. Basi roboti nayo inaona hivyo hivyo. Hizo kurasa za lebo kutohifadhiwa si hasara, usizihangaikie hata kidogo.

Linaloumiza ni makala zenyewe zikiwa vipande vipande. Kwenye tovuti yangu nilikuwa na ukurasa wa mahamri ya nazi, wa mahamri ya maziwa, wa mahamri yasiyofura, na wa jinsi ya kujua mafuta yamepata moto. Nikaziunganisha zikawa makala moja ndefu ya mahamri, yenye vichwa vidogo ndani, na picha ya unga ulioumuka vizuri kando ya ule ambao bado, ili mtu aone tofauti kwa macho. Zile anwani za zamani nikazielekeza kwenye mpya kwa kielekezi cha 301, yaani mtu au roboti akifungua ya zamani anapelekwa mpya moja kwa moja, kwa kudumu. Sasa hiyo makala moja inaniletea watu wa maswali yote manne, na wanakaa kusoma mpaka mwisho.

Wewe angalia kama "kuchuja asali", "asali kuganda" na "kutunza asali" zinahitaji kweli kuwa makala tatu. Kama kila moja ni aya mbili, ziweke pamoja.

FundiSeva_Arusha

Asante dada, umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi.

Kuhusu nakala. Google ikikuta maandishi yale yale kwenye anwani mbili, haihifadhi zote kama kurasa mbili tofauti. Inazifunga pamoja, inachagua moja iwe ndiyo ya asili, na hiyo ndiyo inayoonyeshwa kwa watu. Blogu yako ya zamani ina miaka, ina linki kutoka kwa watu waliokusoma, na wakati tovuti mpya inasema "usinihifadhi", yenyewe ilikuwa wazi. Kwa ushahidi uliokuwepo, Google ilichagua sawa.

Kwa hiyo badilisha ushahidi. Kilicho bora ni blogu ya zamani kuelekeza kila makala kwenye anwani yake mpya. Kwenye blogu za bure mara nyingi huruhusiwi kuweka 301, lakini kama unaweza kuhariri kiolezo, yaani msimbo unaopanga kurasa za blogu, weka ndani ya kila makala kielekezi cha meta refresh chenye sekunde 0, mstari wa msimbo unaompeleka msomaji kwenye anwani mpya papo hapo. Google hukichukulia kama kielekezi cha kudumu. Au weka alama ya canonical inayotaja anwani mpya kuwa ndiyo ya asili. Alama hii ilianzishwa Februari 2009 na Google, Yahoo na Microsoft kwa pamoja kwa ajili ya tatizo kama hili lako. Google huichukua kama pendekezo lenye nguvu, si amri, lakini ikiungwa mkono na mambo mengine hufanya kazi.

Kama kiolezo hukiwezi, fanya kwa mkono: fungua makala ya zamani, iache aya ya kwanza tu, chini yake uandike "makala kamili iko hapa" na linki ya anwani mpya. Haitakuwa tena nakala, na msomaji wako wa Katavi aliyehifadhi anwani ya zamani bado atakufikia. Usiifute blogu kabisa. Linki ambazo watu walikuwekea kwa miaka ni mali yako, ukiifuta unazitupa.

Anza na ya nyegere.

Sasa la tatu, kupangwa, kwa sababu uliuliza kuhusu Kiswahili na nataka nikujibu kwa urefu.

Mtu akiandika swali, Google haiendi kuisoma intaneti wakati ule. Inafungua kile ilichokwisha kuhifadhi, na kimepangwa kama faharasa ya nyuma ya kitabu: neno, kisha orodha ya kurasa zenye neno hilo. Chukua mfugaji wa Mpanda anayeandika kwenye simu "jinsi ya kuzuia nyegere kwenye mizinga". Neno "ya" na "kwenye" yako karibu kila ukurasa wa Kiswahili, hayasaidii kuchuja chochote. "Kuzuia" ni la kawaida. "Mizinga" linapunguza, ingawa ndani yake kuna ya nyuki na ya vita. "Nyegere" ndilo linalobeba swali zima, kwa sababu kurasa zilizo nalo ni chache. Wazo hilo, kwamba neno adimu lina uzito zaidi katika kutafuta, aliliandika Karen Spärck Jones wa Cambridge mwaka 1972, miaka mingi kabla ya wavuti kuwapo, na injini za kutafuta zimelijenga ndani yake mpaka leo.

Ona basi ulipo. Makala ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Marekani inaweza kuwa na linki elfu, lakini neno nyegere halimo. Yako inalo, na ina waya, na mti, na kimo cha kutundikia mzinga, na picha ya mzinga uliopasuliwa. Kiswahili hakikuangushi hata kidogo. Kurasa nzuri za Kiswahili juu ya jambo kama hili ni chache mno ukilinganisha na watu wanaouliza, na kila mara ninapoona mtu anaacha kuandika kwa lugha yetu eti "Google haipendi" nasikitika sana. Wewe andika tu kama watu wanavyouliza. Wengine husema kufuga nyuki, wengine ufugaji wa nyuki, wengine mzinga wa kisasa, wengine mzinga wa mbao. Ukieleza jambo kwa kirefu, maneno yote hayo yanaingia yenyewe bila kulazimishwa. Na kichwa cha makala kiseme kilichomo: "Jinsi ya kuzuia nyegere kwenye mizinga ya kutundika" ni bora mara nyingi kuliko "Adui wa mfugaji".

Baada ya kupata kurasa zinazofaa ndipo linakuja suala la ipi iwe juu. Hapa vinaangaliwa vitu vingi, na Google hawavitaji vyote. Kinachojulikana tangu mwanzo ni linki. Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, walipochapisha mwaka 1998 wakiwa Stanford kazi yao ya PageRank, njia ya kupima uzito wa ukurasa kwa linki, hoja ilikuwa kwamba linki hazilingani: inayotoka kwenye ukurasa ambao nao unaelekezewa na wengi ina uzito kuliko inayotoka kwenye ukurasa usiotajwa na yeyote. Linki mia tano za laki tatu zinatoka wapi? Zinatoka kwenye tovuti zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuza linki, ambazo hazina msomaji wala anayezitaja. Aprili 2012 Google walileta mfumo uliopewa jina Penguin uliowashusha wengi waliokuwa na linki za namna hiyo, na kufikia Desemba 2022 walitangaza kwamba mfumo wao wa kunasa hila unaziondolea nguvu linki za kununuliwa pale unapozigundua. Kwa vyovyote fedha yako imekwenda.

Mlinganishe huyo na Chuo cha Nyuki pale Tabora. Mwalimu mmoja akiona makala yako ya mzinga wa gome inafaa wanafunzi wake, akaitaja kwenye ukurasa wa chuo, hiyo linki moja ni ya kweli. Waandikie. Watumie makala yenyewe, usiwaombe linki, waeleze ulichokiona kwenye msitu wenu wa miombo. Na chama chenu cha ushirika kama kina ukurasa, nao pia.

La mwisho ni simu. Tangu Julai 2024 Google inazipitia tovuti zote kwa roboti yake ya simu. Maana yake, kama kwenye simu sehemu ya makala imeondolewa au haifunguki, Google haijui kama ipo, hata kama kwenye kompyuta inaonekana vizuri. Nimefungua tovuti yako kwa simu. Makala ya siafu ina picha zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera, nyingine zinafika MB 4, na kile kinachoonekana kwanza kabisa ni moja ya picha hizo. Google hupendekeza kitu kikubwa cha kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5. Kwa mtandao wa kijijini picha hiyo haitafika kwa muda huo, na msomaji wako ndiye huyo huyo wa kijijini anayehesabu bando. Zipunguze mpaka upana wa pikseli 1200 hivi, zihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lisilo zito. Kisha kila picha iandikie maelezo kwenye sehemu ya alt. Sasa hivi jina la faili ni IMG na namba, sehemu ya alt haina kitu. Andika "Mzinga wa mbao umetundikwa kwa waya uliopakwa grisi kwenye mti wa mninga". Asiyeona anayetumia programu ya kumsomea atajua kuna nini, na Google nayo itajua.

Kasi peke yake haitakupandisha juu ya makala bora kuliko yako. Usije ukaacha kuandika ukabaki unahesabu nusu sekunde.

Kijana_wa_Kahama

Uzi mzuri sana huu. Naomba kuuliza hapo hapo: kama kurasa za Kiswahili ni chache, si nichukue programu ya akili bandia initolee makala mia mbili za kilimo kwa wiki moja nijaze hilo pengo?

FundiSeva_Arusha

Kijana, Machi 2024 Google waliandika kanuni mahsusi juu ya hilo. Kinachokatazwa ni kutoa kurasa nyingi kwa lengo la kupanda kwenye matokeo huku zikiwa hazimsaidii msomaji, ziwe zimeandikwa na mashine, na mtu, au na wote wawili. Kutumia programu kukusahihishia sentensi si kosa.

Ila acha kanuni. Programu itakuambia nyuki wanahitaji maji na maua. Haitakuambia ni mti gani unaotoa maua Sikonge mvua zikichelewa, wala nyegere alipitia wapi mpaka akaufikia mzinga uliokuwa juu. Huyu ndugu anajua. Kama wewe unajua jambo la Kahama, hata moja, la mpunga au la mchimbaji mdogo, andika hilo moja kwa undani. Makala mia mbili za mambo usiyoyajua zitamdhuru mkulima atakayeziamini, na hilo kwangu ni zito kuliko kupanda au kushuka Google.

NyukiSikonge

Wakuu nimefanya ya nyegere kama mlivyosema, blogu ya zamani imebaki aya moja na linki. Kuchuja, kuganda na kutunza asali nimeziunganisha, asante dada MamaMahamri. Picha nazipunguza usiku umeme ukiwa mzuri.

Swali la mwisho. Ile sehemu ya kuomba ukurasa uhifadhiwe, niibonyeze kila siku mpaka iingie? Na nikibadilisha tarehe ya makala iwe ya leo, itapanda?

FundiSeva_Arusha

Bonyeza mara moja kwa kila ukurasa uliobadilika, basi. Google wenyewe wanasema kurudia ombi lile lile hakuharakishi, na kuna kikomo cha maombi kwa siku, utakimaliza bure. Inaweza kuchukua siku, inaweza kuchukua wiki kadhaa.

Tarehe usiichezee. Kwenye ramani ya tovuti kuna sehemu ya lastmod inayoonyesha makala ilibadilishwa lini. Google huifuata ikiona inasema kweli. Ikigundua tarehe inabadilika na maandishi ni yale yale, inaacha kuiamini, na siku utakayobadilisha kweli haitakuja haraka. Ukiongeza aya, ukirekebisha bei ya nta, hapo tarehe ibadilike yenyewe.

Jipe pia nafasi kwa Bing, injini ya kutafuta ya Microsoft. Kuna utaratibu wa IndexNow ulioanza mwaka 2021 kwa Microsoft na Yandex, injini ya kutafuta ya Urusi: tovuti yako inawajulisha papo hapo kwamba ukurasa fulani umebadilika, bila kusubiri roboti ipite. Google hawajajiunga nao, lakini plagini yake kwa WordPress ni ya bure na haihitaji uisimamie. Iweke.

Ukimaliza picha, ingia Search Console kwenye ripoti ya utendaji. Inatunza takwimu za miezi 16 na inaonyesha maneno halisi ambayo watu waliandika mpaka tovuti yako ikatokea, hata kama hawakuifungua. Tafuta maswali unayotokea lakini huna makala yake. Niandikie hapa utakayoyakuta, tuyaangalie pamoja kabla hujaanza kuandika.